Sauti Ikivunjika, Kijana Asimame Wapi?

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Jumapili ya Vijana, katika maandalizi ya Jubilii ya miaka 25



Nimepewa dakika 20 na kichwa ambacho ratiba inakiita "Mawaidha kwa Vijana wa Kiume". Mwenyekiti aliponikabidhi kichwa hicho alicheka. Alisema kila mwaka kuna mtu anayepewa kichwa hicho, na kila mwaka vijana wa kiume wenyewe huwa wameketi nje chini ya mwembe. Leo naona baadhi yenu mmeingia ndani. Ahsanteni. Walio chini ya mwembe, vipaza sauti vinawafikia, kwa hiyo hakuna aliyenusurika.

Kwa kuwa hii ni sherehe ya kwaya, nitaanza na sauti.

Mvulana akifika umri wa miaka 12, 13 au 14, koo lake hukua. Nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti yake hushuka kwa kiasi cha oktavo nzima. Ingekuwa inashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi, kusingekuwa na shida. Lakini leo iko juu, kesho iko chini, keshokutwa inakwaruza katikati ya ubeti wa pili wakati kanisa lote limenyamaza. Wenzake wanacheka. Dada yake anacheka zaidi. Jumapili inayofuata mvulana huyo anasimama mstari wa nyuma akifungua kinywa bila kutoa sauti. Jumapili ya tatu haji.

Kwaya yetu ina kawaida ya tangu zamani kuhusu jambo hili. Imeandikwa katika kumbukumbu za mikutano kwamba mvulana ambaye sauti yake imevunjika "apumzike mpaka itulie". Ni kawaida iliyowekwa na watu waliopenda muziki, na ukisikiliza kwa sikio la muziki tu utaona wana haki. Lakini haisemi apumzike wapi, apumzike na nani, afanye nini wakati anapumzika, wala ni nani atakayekwenda kumwita sauti ikishatulia.

Mimi ndiye mtunza madaftari ya mahudhurio. Kwa ajili ya kijitabu hiki cha Jubilii nimeyapitia yote, hata lile la kwanza ambalo jalada lake limeliwa na mchwa. Majina ya wasichana yanaendelea. Msichana anaanza katika sauti ya kwanza akiwa mdogo, anahamia sauti ya pili, anaolewa, anapata jina jipya, anaendelea kuimba na mtoto mgongoni. Majina ya wavulana yanajaa ukurasa wa sauti ya kwanza, halafu inaonekana alama ya kutokuwepo, kisha nyingine, kisha nyingine, halafu mstari mtupu. Wachache wanarudi baada ya miaka 10 au zaidi, wengi wao wakiwa wameoa, na ukiuliza utaambiwa kwamba aliyewaleta ni mke. Hao ndio besi mnaowaona leo wakiwa na tai. Akina mama, Mungu awabariki kwa kutukamilishia sauti ya nne.

Swali langu leo ni kuhusu hiyo mistari mitupu. Katika miaka hiyo, kuanzia 13 hadi 25, mvulana anaamua atakula kwa kazi gani, atamheshimu mwanamke au atamdharau, pombe itakuwa kitu gani kwake, na Mungu ni wa mama yake tu au ni wake pia. Anayaamua yote hayo mahali ambapo sisi hatupo.

Wazee wetu hapa magharibi hawakuacha mistari mitupu. Majirani zetu Wabukusu hutahiri mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila kijana huingia katika rika lenye jina: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Ni majina manane yanayozunguka na kurudi. Mwulize mzee wa Kibukusu umri wake, huenda akakutajia rika kabla ya kukutajia mwaka. Watiriki huwapeleka vijana wao katika vichaka vya mila chini ya ulinzi wa wazee, na mafunzo yao hayasemwi nje hata leo. Sisi Waisukha, Waidakho, Wakabras na wengine tuna taratibu zetu. Zinatofautiana, na mkinishindanisha hapa kuhusu nani hufanya vipi hatutamaliza. Lakini kote mvulana alipata jeraha, na pamoja na jeraha alipata watu. Alikuwepo mzee wa kumfunza na kijana mkubwa wa kumwuguza na kumletea chakula, na aliumwa pamoja na wenzake ambao angewaita rika hadi kaburini. Alipotoka alijua nani ana haki ya kumkaripia.

Siku hizi, katika familia nyingi za kanisa letu, mvulana anapelekwa hospitali wakati wa likizo. Anaingia asubuhi, saa sita yuko nyumbani na dawa za maumivu, na jioni anatazama mpira. Mtu asitoke hapa akisema kwamba katibu anapinga hospitali. Ninaiunga mkono. Kifaa safi, daktari aliyesomea, kidonda kinachofungwa vizuri, hayo ni baraka, na tumewahi kuona kinachotokea yasipokuwepo. Wala sitamani zile nyimbo za matusi, pombe, na yale maneno ya kumdharau mama aliyekuzaa ili uonekane mwanamume. Mkristo hana sababu ya kurithi hayo. Ninachosema ni kwamba kisu tulikihamishia hospitalini, lakini mafunzo hatukuyahamishia popote. Daktari hana muda wa kukaa na mvulana mwezi mmoja akimweleza maisha, na si kazi yake. Baba anadhani mchungaji atasema. Mchungaji anadhani baba amesema. Mwalimu, na hapa nazungumza kama mwalimu, ana wanafunzi wengi kuliko madawati. Basi simu ndiyo inayosema, usiku, chini ya blanketi.

Kuna wengine pia wanaozungumza na kijana huyu. Sauti ile ambayo sisi tuliona haifai kwa ibada, mwanasiasa ameona inafaa sana kwa mkutano wake wa hadhara. Haihitaji kuwa nyororo, inahitaji kuwa kubwa. Anamlipa kwa siku na kumpa fulana, na kwa mara ya kwanza tangu sauti yake ivunjike kijana anasikia mtu mzima akimwambia kwamba anahitajika.

Miaka michache iliyopita kwaya hii iliitwa kuimba katika mazishi ya kijana wa bodaboda aliyegongana na trekta ya miwa usiku, trekta isiyo na taa za nyuma. Sitamtaja jina. Mama yake yumo katika ibada hii na ameniruhusu kuyasema haya. Jina la kijana huyo liko katika daftari letu la sauti ya kwanza, mahudhurio karibu kamili, halafu mistari mitupu. Baada ya mazishi mama alitushukuru kwa nyimbo, kisha akasema, "Alikuwa akipita hapa na pikipiki kila Jumamosi mkiwa mazoezini. Abiria wake walikuwa wakimlaumu, kwa sababu akifika hapa alikuwa anapunguza mwendo."

Sasa tuingie katika Maandiko.

Luka sura ya 2 inatuonyesha Bwana wetu akiwa na miaka 12, hekaluni, katikati ya walimu. Umri ule ule. Halafu anashuka na wazazi wake kwenda Nazareti, anawatii, anakua. Tukimwona tena katika sura ya 3 ana umri wa kama miaka 30. Katikati kuna miaka 18 ambayo Injili haikuisimulia. Hata Bwana Yesu ana mistari mitupu katika daftari! Lakini si mitupu kweli, kwa sababu Marko sura ya 6 inatuambia jinsi watu wa kijijini walivyomjua: kama seremala. Ufundi hauokotwi njiani. Kuna mtu aliyesimama naye kwenye meza ya kazi siku baada ya siku akimwonyesha jinsi ya kushika randa na jinsi ya kutambua mbao itakayopasuka.

Mtu huyo ni Yusufu, na ningependa tukae kwake kidogo, maana mahubiri ya Krismasi humpita haraka. Soma Injili zote nne. Utaona malaika akizungumza na Yusufu ndotoni, utamwona akiamka na kutenda, akihama usiku kwenda Misri, akirudi, akichagua mahali pa kukaa. Lakini neno alilolitamka Yusufu kwa kinywa chake hulipati hata moja. Mwanamume aliyepewa kazi ya kumlea Mwokozi hana hotuba hata moja iliyoandikwa, na ninayasema haya nikiwa na kipaza sauti mkononi. Akina baba ambao huniambia, "Mwalimu, mimi sijui kuongea na kijana wangu," nawaambia mwangalieni Yusufu. Hakuna aliyewataka muwe wahubiri. Mwiteni kijana mshike fundo la kamba pamoja, mtengeneze zizi, mbebe spika za kanisa. Maneno machache yatakuja yenyewe wakati mikono ina kazi.

Kwaya nayo ina sura yake, 1 Mambo ya Nyakati 25. Daudi anapanga waimbaji wa hekalu. Anawataja wana wa Asafu, wa Yeduthuni na wa Hemani. Hemani peke yake alikuwa na wana 14 na binti 3, kwaya nzima ndani ya nyumba moja. Waimbaji waliofunzwa walikuwa 288, na walipangwa kwa kura katika zamu 24, kila zamu watu 12. Mambo mawili katika sura hiyo yalinisimamisha. La kwanza, imeandikwa kwamba wana hao waliimba chini ya mkono wa baba yao. La pili, kura ilipigwa bila kutenganisha mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Anayejua na anayejifunza walisimama zamu moja. Sikuona mahali ambapo mwanafunzi aliambiwa akapumzike mpaka sauti itulie.

Na tusidhani mpango wa namna hiyo ni wa Yerusalemu pekee. Waquaker walipofika Kaimosi mwaka 1902 na kuanzisha misheni yao, waliiita misheni ya viwanda. Vijana walioletwa kwao walifunzwa kusoma Biblia na pia kupasua mbao na kazi nyingine za mikono, mahali pamoja, kwa watu wale wale. Tunaweza kubishana nao kuhusu mengi, hasa jinsi wamisionari wa enzi zile walivyozitazama mila zetu. Lakini hawakumpa kijana imani mikononi mitupu.

Ama tutazame isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo nyote mmeicheza, hata mnaojifanya hamkuicheza. Inapigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu urithishaji wake kutoka kizazi hadi kizazi unadhoofika. Ngoma ipo, mti wa kuichonga upo, wapigaji wakongwe wapo. Kinachopungua ni mtoto aliyesimama kando ya mpigaji akitazama mikono yake.

Vijana, sasa ni zamu yenu. Nitasema wazi, na akina mama mtanisamehe, mimi ni mwalimu.

Mwili wako haujaharibika. Sauti inayokwaruza, chunusi, ndoto za usiku zinazokuamsha ukiwa na aibu, hayo si ugonjwa wala si dhambi. Ni Mungu anaendelea na kazi aliyoianza. Kinachoweza kukuharibu ni kutafuta maelezo ya mwili huo katika video ambazo watu wamelipwa kuzicheza. Huko utajifunza kwamba mwanamke ni kitu, na ukishajifunza itakuchukua miaka kujifunzua. Una swali? Uliza mwanamume mzima anayemcha Mungu. Akishtuka, uliza mwingine.

Kuna watu watakaokuambia kwamba ukipona tohara ni lazima "ujaribu" kwa msichana ili ujulikane umekuwa. Huo ni uongo wa zamani uliovaa nguo mpya. Msichana si kipimo chako. Na kama hofu ya Mungu haikutoshi kwa sasa, jua kwamba Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 18 au 19 anaweza kujikuta gerezani kwa jambo ambalo wenzake walilipigia makofi, na siku hiyo wapiga makofi hawaonekani mahakamani.

Kuhusu kazi. Nawasikia baadhi ya wazee wakiwadharau vijana wa bodaboda, na sikubaliani nao. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoyumba, nyumba nyingi hapa zilipoteza mshahara, na pikipiki ndizo zilizowalisha wengine. Ni kazi halali. Lakini kaa chini upige hesabu. Kama pikipiki si yako, kila jioni unampelekea mwenyewe hesabu yake kabla hujajua wewe umepata nini. Toa mafuta, toa faini, toa chakula cha stejini. Kinachobaki ndicho kipimo chako, na sehemu yake iwekwe mahali usipoweza kuifikia kwa kidole. Mkiwa watu sita wanaoaminiana mnaweza kuanzisha chama, mkanunua pikipiki moja baada ya nyingine. Na kofia ngumu si pambo la kuning'iniza kwenye usukani.

Halafu kuna huu mkeka. Wazee, mkeka wanaousema vijana si wa kulalia. Ni orodha ya mechi ambazo mtu anabashiri kwenye simu kwa pesa, na mechi moja ikikosea orodha yote imekufa. Najua kijana aliyeshinda mara moja. Stejini wanamtaja mpaka leo. Waliopoteza karo hawatajwi. Mwenye kampuni anajua hesabu kuliko wewe, vinginevyo asingeweza kukulipia matangazo ya mpira unaoutazama bure. Ukikopa kwenye simu ili kubashiri, mkopo huo unakuja na riba hata mkeka ukichanika.

Kuhusu marafiki, someni 1 Wafalme 12. Rehoboamu alipewa ushauri na wazee, kisha akapewa mwingine na vijana aliokua nao. Alichagua ule uliomfanya ajisikie mkubwa, na akapoteza makabila kumi. Sisemi rika lenu halina akili. Nasema rika lenu halijawahi kufika miaka 40, kwa hiyo halijui njia ikoje huko mbele.

Na machozi. Mmeambiwa mwanamume halii. Daudi alikuwa mpiganaji kuliko yeyote stejini kwenu, na Sauli na Yonathani walipokufa alitunga wimbo wa maombolezo, akaagiza watu wa Yuda wafundishwe. Bwana Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro mbele ya umati. Kijana anayemeza uchungu wake wote huutapika baadaye, mara nyingi juu ya mke na watoto.

Nimewasemesha vijana kwa muda mrefu, sasa niwageukie wanaume waliokaa upande wangu wa kulia, ambao mmekuwa mkitikisa vichwa kukubali kila nilipowakaripia vijana. Nyuso za hapo mstari wa mbele zitanisamehe. Kijana hawezi kusimama kando ya mtu ambaye hayupo. Nyumba nyingi hapa baba anafanya kazi Nairobi na anarudi Krismasi. Nyingine baba alifariki. Nyingine baba yuko, lakini anarudi nyumbani wakati wote wamelala. Akina mama wamebeba mzigo huo na wameubeba vizuri; Timotheo mwenyewe alipata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Lakini hata Timotheo, alipofika umri wa kutembea, alimpata Paulo wa kutembea naye. Paulo hakumwandikia barua tu. Alimchukua safarini, wakala pamoja, wakachoka pamoja, na watu wakawaona pamoja.

Kamati ya kwaya imekubaliana juu ya mambo ambayo yataanza mara baada ya Jubilii. Nayasoma kama yalivyo kwenye kumbukumbu, kwa lugha yangu.

Neno "apumzike" limefutwa. Mvulana ambaye sauti yake inavunjika atabaki kwenye mstari, kati ya sauti ya tatu na ya nne. Ataimba kwa upole zile nota anazozifikia bila kulazimisha koo, na zile asizozifikia ataziacha zipite. Mwalimu wa kwaya amekubali kuwaandikia sehemu fupi yenye nota chache za katikati, na amesema, kwa maneno yake, kwamba sauti inayovunjika haidhuriki kwa kuimba bali kwa kupiga kelele. Atakayecheka mwenzake akikwaruza atafagia ukumbi mwezi mzima. Hiyo inawahusu watu wazima pia.

Kila mvulana wa umri huo atapewa kazi yenye jina lake katika daftari. Mmoja atashika ufunguo wa ukumbi, mwingine vyombo vya sauti, wengine watanakili solfa ubaoni na kutunza ngoma. Mwenye ufunguo asipokuja, hatufanyi mazoezi. Mzee mmoja wa kamati aliuliza, je, tukikaa nje kwenye mvua? Tukajibu, tutakaa nje kwenye mvua, na Jumamosi inayofuata atakuja mapema.

Kila mmoja wao atakuwa na mwanamume mmoja wa sauti ya tatu au ya nne atakayemfuatilia: ajue shule inaendaje, nyumbani kukoje, na asipoonekana mazoezini amfuate siku hiyo hiyo, si baada ya mwezi. Wazazi watajulishwa na watakubali kwa kutia sahihi. Mazungumzo yatafanyika hapa kanisani au uwanjani, mchana, mlango wazi, watu wengine wakiwaona. Hakuna mvulana atakayealikwa peke yake chumbani kwa mtu, hata mtu huyo awe mzee wa kanisa. Hilo halina mjadala.

Wale watakaotahiriwa likizo ya Desemba, wazazi wao wawaandikishe mapema. Wataenda hospitali kama kawaida. Wakishapona watakaa na sisi hapa kanisani wiki mbili, mchana, wakila chakula watakachopika wenyewe, na kila siku mwanamume mmoja wa kanisa hili atakuja na kazi yake: fundi wa mbao aje na mbao, mkulima aje na mbegu, daktari aje ajibu maswali ambayo mimi nimeyagusa juu juu tu. Tumewaomba akina mama watatu waje siku moja wawaeleze vijana jinsi mwanamke anavyotaka kutendewa. Nasikia wameanza kubishana nani azungumze kwanza.

Waliokwisha kuvuka umri huo, mlio na miaka 17, 20, 23, na majina yenu yako katika madaftari yangu ya zamani: sauti zenu zimetulia kitambo. Ninaupungufu wa besi, na mwalimu wa kwaya amechoka kusikia besi watatu wakijifanya kumi. Hakuna mtihani wa kuingia. Kama unakuja moja kwa moja kutoka stejini na jaketi la bodaboda, ingia nalo. Sare tutashona baadaye.

Mazoezi ni Jumamosi saa nane mchana. Baada ya ibada ya leo nitakuwa pale chini ya mwembe pamoja na mwenyekiti na daftari jipya, nami nimeandaa ukurasa wa sauti ya tatu na ukurasa wa sauti ya nne. Wanaume mnaotaka kumfuatilia mvulana, jina na nambari ya simu upande wa kushoto. Vijana, upande wa kulia. Kalamu ziko mbili.